Kuwatafutia Wengine Amani: Mwongozo Kamili kwa Mkristo Anayeitwa Kupatanisha

Katika sura ya nne ya Waraka kwa Wafilipi, Mtume Paulo anawataja wanawake wawili waliokosana, Euodia na Sintike, na kumsihi kila mmoja kwa jina lake wawe na nia moja katika Bwana. Hatuambiwi walikosana kwa jambo gani. Mara baada ya hapo Paulo anamgeukia mtu wa tatu, ambaye hamtaji jina bali anamwita tu "mjoli wa kweli", na kumtaka awasaidie wanawake hao. Wagomvi wanajulikana kwa majina hadi leo, ilhali aliyeombwa kuwapatanisha hajulikani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mzee wa kanisa, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, shangazi katika ukoo, au muumini wa kawaida tu ambaye amejikuta katikati ya watu wawili wasiosalimiana, na ambaye dhamiri yake haimruhusu kupita pembeni.

Jambo moja linapaswa kueleweka tangu mwanzo, kwa sababu mtu akilikosea hapa, hatua zote zinazofuata zitaharibika. Wengi wetu tunapoingia katika ugomvi wa wengine tunatafuta utulivu wetu wenyewe. Tunataka kwaya iimbe Jumapili bila minong'ono, kikao cha harusi kiendelee, na sisi tuache kupigiwa simu usiku. Kwa hiyo tunawasukuma watu wapeane mikono upesi, na wakishapeana tunasema yamekwisha. Nabii Yeremia aliwakemea makuhani na manabii wa siku zake kwa kosa hilo hilo, kwamba waliiponya jeraha ya watu juu juu tu, wakisema, Amani, amani, wala hapana amani. Anayewatafutia wengine amani huuliza kwanza wao wanahitaji nini ili wapone, hata kama jibu lake litairefusha kazi na kumsumbua yeye.

Ili maelezo yasibaki hewani, tuchukue mfano mmoja wa kubuni na kuufuata hadi mwisho. Kwaya ya usharika imechangisha shilingi 600,000 za sare. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyekwenda kununua vitenge na kumlipa fundi cherehani, naye alinunua kwenye duka la shemeji yake. Hesabu ziliposomwa, risiti zilionesha shilingi 540,000 tu. Mama aliye mweka hazina akasema mbele ya wanakwaya wote kwamba kuna watu wanaokula sadaka, kisha jioni akayarudia maneno hayo katika kundi la WhatsApp la kwaya. Mwalimu akaacha kuja mazoezini, na sasa ni mwezi wa pili.

Kabla ya kuingia: je, ugomvi huu ni wa kupatanishwa?

Kitabu cha Mithali kinamfananisha mpita njia anayejitia katika ugomvi usio wake na mtu anayemkamata mbwa kwa masikio. Mfano huo unachekesha hadi umkute mwenyewe: kushika unaogopa, kuachia unaogopa zaidi. Hata Bwana Yesu, alipoombwa na mtu katika mkutano amwambie ndugu yake agawane naye urithi, alikataa na kuuliza ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yao. Ipo basi haki ya kukataa. Ingia pale ambapo mmoja wao amekuomba, au cheo chako kinakuwajibisha, au ugomvi umeanza kuwaumiza watu wasiohusika, na hata hapo ingia baada ya kuwaomba ruhusa wote wawili. Katika mfano wetu kwaya imekosa mwalimu na watoto wa pande mbili wamekatazwa kucheza pamoja. Hiyo ni sababu ya kutosha.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo hayapatanishwi, na hapa lazima niseme wazi kwa sababu makanisa yetu yamekosea sana. Mtoto aliyenajisiwa, mke anayepigwa, binti wa kazi aliyebakwa na mwenye nyumba: hayo si "matatizo ya kifamilia" ya kumalizwa sebuleni kwa sala na soda. Anayemwita mzee wa kanisa "ayamalize nyumbani" mara nyingi ni upande wa mkosaji, na mzee akikubali anakuwa ameifunga njia ya aliyeumizwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwekea kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, na vipo vituo vya polisi vyenye Dawati la Jinsia na Watoto kwa kazi hiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa Tanzania na Kenya, na Kenya ina pia namba 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inahimiza upatanisho na njia za kimila za kumaliza migogoro, lakini ibara hiyo hiyo inakataza njia hizo kutumika kinyume cha haki za msingi za mtu. Kazi ya Mkristo katika hali kama hizo ni kumlinda aliyeumizwa na kumsindikiza anakostahili kusaidiwa. Mazungumzo ya msamaha, kama yatakuwepo, ni yake yeye kuyataka, katika wakati wake.

Migogoro ya ndoa isiyo na ukatili ina njia yake pia. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi mahakamani kabla halijapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Wewe uliye jirani mwema si baraza hilo, wala barua yako haichukui nafasi ya hati yake. Unaweza kusikiliza na kuomba pamoja na wanandoa, lakini usiwaahidi jambo la kisheria usiloweza kulitimiza.

Hatua ya kwanza: omba, kisha jikague

Mwandishi wa Zaburi ya 122 anasema, "Kwa ajili ya ndugu zangu na rafiki zangu, Niseme sasa, Amani ikae nawe." Maneno hayo yanasemwa kwa ajili ya wengine, na ndivyo sala ya mpatanishi inavyopaswa kuwa. Kwa siku kadhaa kabla hujafunga safari, waombee wote wawili kwa majina, kila mmoja peke yake, na umwombee kila mmoja mema ambayo yeye mwenyewe angeyaomba. Kwa mwalimu, kwamba jina lake lisafishwe na kazi yake ya uimbaji isipotee. Kwa mama mweka hazina, kwamba uaminifu wake katika fedha za wengine uheshimiwe. Sala ya kwamba "Mungu amguse fulani aone kosa lake" inaonesha kuwa umekwisha kuhukumu, na utambuzi huo peke yake ni faida ya kuomba. Ukiona ulimi unakuwa mzito unapofika kwa mmoja wao, umegundua upande ulioelemea.

Baada ya sala jiulize maswali makavu. Je, nina undugu, deni, biashara au kinyongo na yeyote kati yao? Je, nilikuwepo siku ile, nikacheka au nikanyamaza? Je, katika kundi la WhatsApp niliweka alama ya dole gumba chini ya ujumbe ule? Uhusiano wa namna hiyo haukuondolei sifa ya kupatanisha, kwa maana katika mitaa yetu ni vigumu kumpata mtu asiye na uhusiano na yeyote, lakini lazima uutangaze mapema kwa pande zote mbili. Anayeugundua mwenyewe baadaye hatakuamini tena, na atakuwa na haki.

Hatua ya pili: mwendee kila mmoja peke yake

Kabla ya yote uliza kama wamewahi kuzungumza wao wawili tu. Mathayo 18:15 inaanzia hapo, "wewe na yeye peke yenu", na mara nyingi utashangaa kusikia kwamba jambo limefika kwa mchungaji, kwa mwenyekiti na kwa fundi cherehani, lakini halijawahi kufika kwa mhusika. Ikiwa bado inawezekana, watie moyo wafanye hivyo na wewe ukae mbali. Mpatanishi anayejitokeza haraka mno huwanyima watu nafasi ya kupatana wenyewe.

Ikiwa haiwezekani, nenda. Nenda nyumbani kwake, wala usimwite ofisini, kwa sababu anayeitwa ofisini huja akiwa mshitakiwa. Usiende Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wanaona unaelekea wapi. Chagua saa ambayo hana mgeni wala sufuria jikoni. Abigaili, mke wa Nabali, ambaye habari zake zimo katika 1 Samweli 25, alikuwa na ujumbe mzito wa kumpa mumewe usiku ule alipotoka kumzuia Daudi na watu wake 400 wenye panga. Alimkuta mumewe amelewa, na hakumwambia neno, dogo wala kubwa, hata kulipopambazuka na divai ikawa imemtoka. Maneno yale yale yaliyosemwa usiku na yaliyosemwa asubuhi si maneno yale yale.

Ukishakaribishwa, weka simu mbali na usikilize. Watu wa Pwani husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani mzigo alioubeba mwingine sisi tunauona mwepesi kama sufi. Shilingi 60,000 unaweza kuziona ndogo, na ukasema hivyo ukidhani unafariji. Kwa mwalimu ambaye watoto wake wameitwa watoto wa mwizi shuleni, jambo hilo halina kipimo cha shilingi. Usitoe suluhisho katika ziara ya kwanza. Muulize alianza lini kuumia, maana mara nyingi siku hiyo si ile ya ugomvi. Muulize pia ni maneno gani yanayomrudia usiku, anaogopa nini kikiendelea hivi, na yeye mwenyewe, akiwa peke yake na Mungu, anaona alikosea wapi. Swali hili la mwisho usiliulize mpaka uone ameshiba kusikilizwa. Ukiliuliza mapema utasikia mlango ukifungwa.

Kuhusu siri, usiahidi zaidi ya unachoweza. Mwambie kwamba hutapeleka maneno yake kwa yeyote bila idhini yake, isipokuwa ukisikia kwamba mtu yuko hatarini. Kumbuka pia onyo la Mithali kwamba anayejitetea kwanza huonekana kuwa na haki mpaka jirani yake aje na kumchunguza. Ukitoka nyumba ya kwanza ukiwa na hakika kamili juu ya nani mwenye makosa, usiende nyumba ya pili siku hiyo.

Hatua ya tatu: tenga jambo na maumivu ya jambo

Rudi nyumbani ukaandike mistari michache tu: nini kilitokea ambacho wote wawili wanakikubali, nini wanachobishania, na nini kilichoumiza. Katika mfano wetu wote wanakubali kwamba zilichangwa 600,000 na risiti ni za 540,000. Wanabishania ziliko 60,000. Kilichoumiza, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti: mwalimu ameumizwa na neno "kula sadaka" lililosemwa hadharani, na mama ameumizwa kwa sababu alikuwa ameomba risiti mara tatu faraghani, akaambiwa kwamba anajifanya mkaguzi. Anayeshughulikia fedha peke yake ataacha maumivu, na anayeshughulikia maumivu peke yake ataacha shaka ambayo itarudi wakati wa mchango unaofuata.

Yanayoweza kuthibitishwa yathibitishwe. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kina funzo ambalo wahubiri huliruka upesi mno. Wayahudi wenye kusema Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwahubiria wajane wale uvumilivu, wala hawakuwaambia wanung'unikaji waache maneno. Waliitisha mkutano, wakaubadilisha utaratibu na kuwaweka watu saba, na majina yote saba yaliyoandikwa ni ya Kiyunani, jambo linaloonesha kwamba upande uliolalamika ulipewa nafasi ya kuaminiwa. Huo ndio upatanisho unaogusa chanzo. Kwa hiyo omba daftari, omba risiti, mpigie fundi. Tuseme imeonekana kwamba shilingi 45,000 zilitumika kwa nauli, vifungo na uzi ambavyo havikuandikiwa risiti, na 15,000 zilizobaki mwalimu hakumbuki zilivyotumika. Sasa mnazungumzia jambo lenye ukubwa wake halisi.

Angalia pia nguvu zao. Pale ambapo mmoja ni mchungaji na mwingine ni muumini, au mmoja ni mwajiri na mwingine ni dada wa kazi, kuwaweka kwenye viti viwili vinavyofanana hakuwafanyi kuwa sawa. Mruhusu mnyonge aje na mtu anayemwamini, na umsikilize kwa muda mrefu zaidi kabla ya kikao.

Hatua ya nne: kupeleka maneno

Sasa unakuwa mjumbe kati ya nyumba mbili, na hapa ndipo wapatanishi wengi huanguka. Matusi hayapelekwi. Hata ukiulizwa, "Alisema nini juu yangu?", jibu ni kwamba hukutumwa hayo. Peleka kinachofungua njia: kwamba mwalimu alikiri alipaswa kuandika, na kwamba mama alisema anamkumbuka mwalimu alivyomfundisha binti yake kuimba. Lakini peleka tu kile kilichosemwa kweli na ulichopewa idhini kukisema. Jirani zetu Waislamu wana hadithi ya Mtume inayosema kwamba si mwongo yule anayepatanisha watu akasema maneno mema, na nimesikia Wakristo pia wakijitetea kwa mawazo yanayofanana na hayo. Naheshimu rehema iliyomo ndani ya mafundisho hayo, lakini ushauri wangu kwa mpatanishi wa Kikristo ni kuacha yasiyofaa bila kubuni yasiyosemwa. Siku wakipatana watasimuliana, na ukweli utajulikana.

Mfano bora wa kazi hii ni waraka mfupi wa Paulo kwa Filemoni, kuhusu Onesimo, mtumwa aliyekuwa ametengana na bwana wake. Paulo hamdharau Filemoni wala hamfichi Onesimo. Anasema kwamba ikiwa amemdhulumu au anawiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo, naye anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Kuwapatanisha wengine kuna gharama. Wakati mwingine ni nauli na muda, wakati mwingine ni kulaumiwa na pande zote mbili, na mara chache ni fedha halisi. Tahadhari tu usiwe na desturi ya kulipa madeni ya wakosaji ili mambo yapoe, kwa sababu hapo unanunua utulivu, nasi tulikwisha kusema kwamba tunachokitafuta si utulivu.

Katika kipindi hiki waombe wote wawili jambo dogo lenye faida kubwa: wasiandike wala kutuma ujumbe wa sauti juu ya suala hili katika kundi lolote hadi kikao kitakapofanyika.

Hatua ya tano: kikao

Usiitishe kikao kabla kila mmoja hajakuambia, kwa maneno yake, kwamba yuko tayari kukisikiliza kile asichopenda kukisikia. Kikao kiwe kidogo, watu wasiozidi watano, mahali ambapo si pa upande wowote, na wakae kwa namna ya duara bila meza kubwa katikati. Anza kwa sala fupi. Nasisitiza ufupi, kwa kuwa nimewahi kukaa katika kikao ambapo sala ya ufunguzi iligeuka kuwa mahubiri juu ya Kaini na Habili, na aliyeonekana kuwa Kaini akanyanyuka akaondoka kabla ya amina. Kisha kila mmoja aseme bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichokisikia kabla ya kujibu. Zoezi hili huonekana la kitoto, lakini mara nyingi ndipo mtu anapojisikia kuwa amesikika kwa mara ya kwanza.

Inapofika zamu ya kuomba radhi, sikiliza maneno kwa makini, kwa sababu Kiswahili chetu kina njia nyingi za kukwepa. "Pole" ni neno la kumhurumia mtu kwa lililompata, hata na mvua, halikiri kosa. "Samahani" hutosha kwa aliyekukanyaga mguu kwenye daladala. "Kama nimekukosea, nisamehe" linaweka shaka mahali pa toba, na aliyeumizwa huisikia "kama" ile kuliko maneno mengine yote. "Basi, yaishe" ni neno la mtu aliyechoka, na mara nyingi husemwa na mwenye haki ili aachwe apumzike. Linganisha na mwana mpotevu wa Luka 15: "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako." Hakuna kama, hakuna lakini. Msaidie kila mmoja, kwa upole na ikibidi kando kidogo, afikie sentensi inayoanza na "nimekosa" na inayotaja kosa. Mwalimu anaweza kusema, "Nimekosa, uliniomba risiti mara tatu nikakudharau, na kuna 15,000 ambazo siwezi kuzieleza, nitazirudisha." Mama anaweza kusema, "Nimekosa. Nilikuita mwizi mbele za watu kabla sijajua ukweli, na watoto wako wakaumia kwa ajili yangu."

Usimlazimishe mtu kusamehe papo hapo. Msamaha ni amri ya Bwana kwetu sote, lakini si kazi ya mpatanishi kuushika mkono wa mtu na kuuweka juu ya mkono wa mwingine. Kuna anayehitaji kulala na neno. Mwache aseme, "Nimekusikia, nipe siku chache," na umheshimu kwa kutosema uongo.

Pia zingatia kwamba toba inaambatana na malipo. Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani mwake. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa aliyemdhulumu. Na kanuni iliyo rahisi kuisahau ni kwamba kosa lililotendwa hadharani hurekebishwa hadharani. Mama aliandika katika kundi la WhatsApp. Basi, ni katika kundi hilo hilo atakapoandika kwamba hesabu zimekaguliwa na kwamba alikosea kusema vile. Wengi huomba radhi faraghani kwa tusi la hadharani, kisha wakashangaa kwamba mwenzao bado ana huzuni.

Kuhusu kutubu mbele ya watu, Afrika Mashariki ina urithi wake. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha watu "kutembea nuruni", yaani kuungama wazi mbele ya ndugu na kurudisha walivyoiba. Mengi yaliponywa kwa njia hiyo. Lakini ungamo la mmoja linaweza kufichua siri ya mwingine ambaye hakukubali kufichuliwa, kwa hiyo mwenye kutubu aseme dhambi yake na aishie mpakani mwake.

Hatua ya sita: makubaliano na kufuatilia

Andikeni mliyokubaliana kwa maneno machache na tarehe: nani atarudisha nini, lini, nani ataandika nini, na kuanzia sasa mchango wowote wa kwaya utanunuliwa na watu wawili na risiti kusomwa ndani ya wiki moja. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinacholinda amani ya watu ambao hawakugombana bado. Kisha kuleni pamoja, hata kama ni chai na mihogo. Ni vigumu mwanadamu kumchukia mtu aliyemsogezea sukari.

Baada ya wiki mbili watembelee tena, kila mmoja peke yake, na tena baada ya miezi miwili. Usiulize kwa jumla kama mambo ni mazuri, kwa sababu utajibiwa kwamba ni mazuri. Uliza kama 15,000 zilirudi, kama mwalimu amekaa benchi gani mazoezini, na kama watoto wanacheza.

Yapo yatakayoshindikana. Warumi 12:18 inasema, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote," na maneno hayo mawili ya kwanza yapo kwa sababu si kila mara yamkini. Paulo na Barnaba wenyewe walishindana kwa ukali juu ya Marko hata wakatengana, huyu akaenda Kipro na huyu akapita Shamu na Kilikia. Lakini miaka baadaye, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo anaagiza Marko aletwe kwake kwa maana anamfaa kwa utumishi. Barnaba ndiye aliyemchukua kijana huyo wakati Paulo hakumtaka. Kama kikao chako kimevunjika, basi, usiwatangaze watu kuwa na mioyo migumu. Endelea kuwasalimu wote wawili, endelea kuwaombea kwa majina, na uache mlango ambao mtu anaweza kuupita bila aibu atakapokuwa tayari.

Na ikiwa wamepatana, chukua ile karatasi yenye mistari michache uliyoiandika baada ya ziara zile za mwanzo, uichome. Nakala ya makubaliano ibaki kwa wahusika. Watu watakuuliza pembeni, hasa siku mwalimu atakaposimama tena mbele ya kwaya, ni nani hasa aliyekuwa na makosa. Waambie waende kuwauliza wenyewe, kisha waulize kama wanakuja mazoezini Alhamisi.